Wenye Magari Waliposhika Spana

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Walisema mtu aliyezoea magari ya jangwani atamezwa na matope ya Nyeri. Walisema diploma yangu ni karatasi nzuri ya kufungia nyama. Na Mwalimu Gathogo, mwalimu mkuu ambaye akiongea shuleni sauti yake ilifika sokoni, alisema kubwa kuliko wote: "Huyo Ndirangu ati anataka mwenye gari alale chini ya gari yake mwenyewe? Mzee mzima, na tai shingoni? Hiyo hataweza. Hiyo hakuna mtu ataweza."

Niliweza.

Ninawaandikia ninyi vijana nikiwa nimestaafu, kucha zangu zimetakata hata mke wangu anazishangaa. Kila Jumamosi nikipita upande wa Ruring'u naona miguu ya watu wenye heshima zao imechomoza chini ya magari ya zamani: kiatu cha karani, gambuti la mkulima wa chai, raba za muuguzi. Kila mguu ule ni ushahidi wangu. Mtasema najisifu. Basi nitafutieni mtu mwingine anayeijua kazi hii yote aje anisifu badala yangu, nami nitanyamaza.

Kwanza niwaambie habari ya kigoda, maana bila kigoda hamtaelewa lolote.

Zamani, mtu wa huku akipeleka gari gereji hakuliacha akaenda zake. Aliomba kigoda, akaketi. Alikaa toka asubuhi mpaka jioni akitazama mikono ya fundi, kwa sababu alijua, au alidhani anajua, kwamba akigeuza kichwa tu plagi zake nzuri zitahamia gari la mwingine na mbovu za mwingine zitahamia kwake. Tuliita kulinda gari. Aliyebanwa na kazi alimtuma shemeji akalinde. Nimeona kasisi akilinda huku akiandaa mahubiri. Nimeona bwana na bibi wakipokezana, mmoja akila mkate, mwenzake akikodoa macho. Na fundi naye, akijua analindwa kama mwizi, alifanya kazi kwa kisirani, na wengine wakaamua heri wawe wezi kweli.

Mimi nilikuwa nimetoka Maskati, ambako kwa miaka mingi nilitengeneza magari ya watu ambao hata sura zao sikuzijua. Waliacha ufunguo, wakaondoka. Kabla ya hapo nilisoma Mombasa, mchana nikifunga magurudumu kwa Mhindi mmoja, jioni darasani, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa magari. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi Nyeri, siku ya kwanza kabisa nilipita kwenye gereji moja nikaona fundi mmoja ameinama juu ya injini moja, amezungukwa na walinzi kwenye vigoda kama watu wanaoota moto. Nikasimama pale nikacheka peke yangu. Watu hawa wana siku nzima, nikawaza. Wana macho, wana mikono miwili kila mmoja. Kwa nini mikono imelala?

Hapo ndipo wazo langu lilipozaliwa, nami sikulisoma popote. Nitafungua gereji ambayo mwenye gari mwenyewe ndiye atashika spana. Mimi nitasimama kando, nitaonyesha, nitakemea, nitakaza pale pasipotakiwa mchezo, kama vile breki na usukani. Lakini mafuta atabadilisha mwenyewe, plagi atasafisha mwenyewe, na akimaliza atajua gari lake lina nini tumboni. Nani atamwibia basi?

Wazo nilikuwa nalo, ila vifaa sikuwa navyo. Akiba yangu yote ilikuwa imemjengea mama nyumba ya mawe, na siijutii hata jiwe moja. Vyombo vya Maskati vilikuwa vya wenyewe. Kwa hiyo niliazima. Ndiyo, mimi Ndirangu niliyeota kujitegemea, nilianza na vitu vya watu.

Mama Wangeci, muuza mbao, aliniazima kona ya uwanja wake. Kona hiyo ilikuwa na shimo refu, la enzi zile mbao zilipopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni akila vumbi. Wengine waliona shimo la takataka. Mimi niliona mahali pa kusimama chini ya gari bila kujikunja. Mzee Athumani wa Majengo, fundi aliyestaafu baada ya macho yake kufifia, aliniazima sanduku lake la spana. Na Parsaloi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Doldol, aliniazima jeki kubwa ya lori, akisema, "Kaa nayo, rafiki. Lakini nikikwama Naibor nitakulaani kwa jina."

Parsaloi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia shimoni, tena bila kusukumwa. Wengine walikuja, wakaomba kigoda. Nikawaambia sina. Wakakaa juu ya mbao za Mama Wangeci, akawafukuza. Wakasimama wamekunja mikono kama wageni kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua. Parsaloi alivua shuka, akalikunja, akashuka shimoni. "Kule kwetu," alisema kutoka chini, "gari ikiharibika, gereji ni wewe."

Pikapu yake ilikuwa kuukuu, imekunywa vumbi la Laikipia mpaka injini ikawa inakohoa. Mimi na yeye tulichukua bomba la maji ya mvua, tukalipandisha kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa, ili injini ivute hewa ya juu ambako vumbi ni kidogo. Mdomo wa bomba tuliufunika kwa chandarua tulichoweza kukitoa na kukikung'uta. Watu wa mjini walicheka, wakasema pikapu ya Parsaloi imeota pembe. Baada ya miezi michache wenye pikapu wa Nanyuki walikuwa wakishuka kuuliza pembe zinauzwa wapi. Gari la zamani, vijana, halitaki huruma. Linataka mtu anayeuliza: huyu anaishi wapi, anapumua nini, anabeba nini? Kisha unalirekebisha lifanane na maisha yake.

Na msidhani kwamba sikukosea. Nilikosea vizuri. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya Nyeri inayouma masikio, mtu mmoja wa kupeleka maziwa alileta gari lake nalo likitoa moshi mweupe nyuma kama kiwanda. Huko Maskati moshi mweupe ulikuwa na maana moja: gasketi ya kichwa cha injini imeungua, maji yanaingia yasikotakiwa. Nikasimama mbele ya watu, nikatoa hukumu kwa sauti ya diploma. "Gasketi! Fungua kichwa chote!"

Mama Wangeci alikuwa anapita na kikombe cha uji. Akanitazama, akapumua kwa nguvu, na wingu jeupe likamtoka mdomoni. "Na mimi, Ndirangu? Na mimi nifunguliwe kichwa?"

Walicheka mpaka mtu wa maziwa akakaa chini. Ulikuwa mvuke tu wa baridi, na gari lilipopata moto ulikoma. Tangu hapo sikuwahi kutoa hukumu juu ya moshi mweupe kabla ya jua kupanda, nanyi msitoe. Ngoja injini ipate moto. Moshi ukiendelea, na maji yakipungua bila kuonekana yanakokwenda, hapo ndipo uanze kuogopa.

Kicheko kile kilitembea. Kilifika kwa Mwalimu Gathogo, naye akakitia mbolea. Alimwendea Mama Wangeci akamwambia anaharibu uwanja wake bure. Alimwendea Mzee Athumani akamwambia spana zake zinachezewa na makarani. Parsaloi naye alipokuja sokoni aliambiwa jeki yake itaangukia mtu na yeye ndiye atashtakiwa. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye akisema jambo haliwezekani, hapendi kulikuta likiendelea.

Wenye vitu wakaanza kutikisika. Jioni moja wote watatu walikuja uwanjani, nikajua kimenifika. Mwalimu pia alikuwepo, amekuja na gari lake: saluni ya Kifaransa ya zamani, rangi ya maziwa, aliyoinunua alipopandishwa cheo ujanani. Hata siku ile ilifika ikitoa mvuke kwenye boneti, na mke wake alikuwa amevaa makoti mawili ndani yake.

Mama Wangeci ndiye aliyetoa uamuzi. "Mwalimu, mtoto wako anaenda kutoa ruracio Kianyaga mwisho wa mwezi. Utaenda na nini?"

"Na hii gari yangu," alisema Mwalimu.

"Hii inachemka kabla ya Karatina."

"Mafundi wote wameshindwa," alisema Mwalimu, kama mtu anayejivunia ugonjwa wake.

"Basi sawa. Wewe na Ndirangu mtengeneze hapa. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Gari ikifika Kianyaga bila kuvutwa na bila kusukumwa, Ndirangu anakaa na vitu vyetu mpaka apate vyake. Ikikwama njiani, kila mtu anachukua chake, na shimo nalijaza vumbi la mbao. Umesikia, Diploma?"

Nilisikia. Na niliona pia kilichokuwa kwenye mizani. Mwanamume wa huku akienda kwa wakwe kutoa ruracio, mahari ya mwanawe, halafu afike akiwa amesukuma gari, suti imejaa matope, jambo hilo litasimuliwa kwenye kila sherehe mpaka wajukuu wasikie. Mwalimu aliweka uso wake pale. Mimi niliweka gereji yangu.

Siku iliyofuata tulifungua redieta. Sikilizeni ushauri huu wa bure: usifungue mfuniko wa redieta ikiwa moto, hata ukiitwa mwoga. Tuliacha ikapoa. Mwalimu alizungusha mfuniko mwenyewe, nami nikaona kwamba mpira wa ndani ulikuwa umetoka zamani, na mahali pake pamewekwa kipande cha kandambili ya bluu. Hilo peke yake lilitosha kumwangusha. Huku kwetu mlimani maji huchemka mapema kuliko Mombasa, na mfuniko ndio unaoyabana yasichemke upesi. Mfuniko wa kandambili haubani kitu.

Kisha nikaingiza kidole. Kikatoka na kitu kizito, cheupe, kinanata.

"Mwalimu, ulitia nini humu?"

"Maji."

"Na nini?"

"Maji ya mto."

"Mwalimu."

Mama Wangeci aliinama akanusa. "Hii ni unga! Unga ya mahindi! Ngai, Mwalimu, gari yako imepika uji!"

"Ni kidogo tu," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika sokoni. "Ilikuwa inavuja. Kuna mtu Karatina aliniambia unga inaziba. Na si iliziba?"

"Iliziba," nikamjibu. "Iliziba kila kitu."

Msimcheke sana. Nimeona redieta za nchi hii zikiwa na bizari, mayai mabichi, na majani ya chai kutoka kwa watu wanaoyachuma wenyewe. Tundu la redieta huzibwa kwa risasi iliyoyeyushwa na mtu anayejua kuchomelea. Chakula mpelekee mkeo.

Na bado kulikuwa na la tatu. Kile kidude kinachoitwa thamostati, mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate moto, hakikuwepo. Fundi fulani alikitoa zamani. Ni imani yetu hapa: ati huku ni Afrika, kuna joto, kitoe. Joto gani, Nyeri? Ndiyo maana mke wa Mwalimu alivaa makoti mawili. Kwenye mteremko injini ilikuwa baridi kama jiwe la mto, hita haikutoa chochote, mafuta yakaliwa ovyo. Kwenye mlima uji ukazuia maji, ikachemka. Gari lilikuwa na homa na kutetemeka kwa wakati mmoja, na kila fundi alitibu upande aliouona.

Tuliitoa redieta yote. Mchomeleaji alifungua kichwa cha redieta, na mirija ikaonekana, myembamba, mingi, imejaa kitu kigumu kama ukoko wa sufuria. Nikampa Mwalimu ukanda mwembamba wa chuma. "Mrija mmoja mmoja," nikamwambia. "Taratibu. Ukitoboa tunaanza upya."

"Yote?"

"Wewe ndiye ulikoroga."

Alitundika koti lake kwenye msumari, akatupa tai begani, akaanza. Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Alizibua mrija baada ya mrija kama anasahihisha insha, akigunia pale palipokosewa, na alipoona mwanga upande wa pili aliita, "Pita!" Jioni alikuja mwalimu mwenzake kumtafuta, akamkuta amepiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Mkuu, kuna shida?" Mwalimu hakuinua hata kichwa. "Usisimame kwenye mwanga wangu," alisema.

Siku ya tatu alikuwa ameshajua kutoboa matundu kwenye katoni kwa mpangilio wa injini, na kuchomeka kila boliti mahali pake ili lisipotee wala kubadilishana. Hilo nililifundisha mimi, na leo naliona kwenye video zenu za simu likifundishwa na watoto kana kwamba walilivumbua jana. Sina kinyongo. Ila mjue lilipita hapa.

Thamostati nyingine tuliipata Karatina kwenye duka la vipuri. Kabla ya kuifunga niliipeleka jikoni kwa Mama Wangeci, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji pembeni ya githeri yake ya mahindi na maharagwe. "Ndirangu, unaniwekea nini hapo?" Maji yalipokuwa karibu kuchemka, mlango mdogo wa shaba ulianza kufunguka polepole. Mama Wangeci alishika mdomo. Mwalimu, aliyefundisha sayansi miaka yote ile, aliinama juu ya mvuke mpaka miwani ikafunikwa, akasema kwa sauti ya chini, "Inafunguka." Akataka turudie. Tulirudia mpaka githeri ikaungua.

Siku ya ruracio ilifika, asubuhi yenye ukungu. Nilikuwa nimekaa kando ya Mwalimu, mke wake nyuma na wazee wawili. Nyuma yetu walifuata jamaa na marafiki kwa magari yao. Mbele kabisa, pikapu ya Parsaloi yenye pembe ilibeba ndizi, unga, vinywaji na mbuzi wawili, mbuzi ambao yeye mwenyewe aliwachagua akisema wakwe wasipowapenda, hawajui mbuzi.

Tulipita Karatina. Hatukuchemka. Karibu na njia panda ya kuelekea Kerugoya sauti ilitoka nyuma: "Baba Mwangi, punguza hiyo hita. Miguu inaungua." Mwalimu alimtazama kwenye kioo. Kisha akasema, "Sema tena." Mke wake akasema tena. Alimfanya aseme mara ya tatu.

Baada ya Kerugoya, barabara huteremka bondeni na kupanda, huteremka na kupanda, kila kijito kikiwa na mlima wake. Na kwenye mlima wa mwisho kabla ya Kianyaga, lori la majani ya chai lilikuwa limesimama katikati likipakia kwenye kituo. Tukalazimika kusimama mlimani, injini ikinguruma, hakuna upepo wa mbele. Hakuna jaribio baya kuliko hilo kwa gari la zamani. Mshale wa joto ulianza kupanda.

"Ndirangu, inapanda."

"Ngoja. Mlango ufunguke."

Ulifunguka, mshale ukashuka kidogo. Kisha nikasikia mlio, wiii, kama nguruwe aliyekanyagwa. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea na kuteleza. Bila feni, tungechemka pale pale, mbele ya wachuma chai wote waliokuwa wanapima majani yao. Na wengi wao, kama nilivyokuja kujua, walikuwa ni watu wa ukoo wa bibi harusi.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Lakini makubaliano yalikuwa makubaliano: mwenyewe, kwa mikono yake. Nikamtazama. Alinitazama. Akavuta breki ya mkono, akazima injini, akavua koti, akalikunja likiwa limegeuzwa ndani nje, akampa mkewe.

"Nipe ile iliyopinda," alisema.

Kwenye sanduku la Mzee Athumani, tulilolibeba garini, kulikuwa na spana moja ya namba kumi na tatu, ambayo mzee aliipinda kwa moto enzi zake ili ifikie boliti zilizojificha nyuma ya injini. Boliti la chini la jenereta ya gari lile, inayoukaza mkanda, lilikuwa la namna hiyo hasa. Mwalimu alifungua boneti. Wachuma chai wakaacha kupima. Mama mmoja aliyebeba kikapu akauliza kwa sauti, "Hiyo ni suti ama ni overoli?"

"Ni mkwe wenu!" Parsaloi alimjibu kutoka juu. "Mwangalieni vizuri, ndiyo mahari yenyewe!"

Mwalimu alivuta jenereta kwa mkono wa kushoto mpaka mkanda ukakaza, akashikilia, akaingiza spana, akavuta. Akavuta tena kwa uzito wa mtu aliyeweka uso wake mizanini. Boliti lilikaza. Halafu, ta! Spana ilikatika pale ilipopinda, akabaki na kipande mkononi. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha. Ulibonyea kiasi cha upana wa kidole tu. Akatabasamu, uso umepakwa grisi toka sikio hadi kidevu.

Akawasha. Hakuna mlio. Lori lilisogea. Tulipanda mlima ule kwa gia ya pili, wachuma chai wakipiga vigelegele, nami sitaki kuwadanganya: nilipiga pia.

Huko kwa wakwe, kina mama walifunga lango wakaimba tusiingie mpaka tujibu vizuri, kama desturi ilivyo. Walipomwona baba wa bwana harusi na grisi usoni, mmoja wao akasema kwamba nyumba ambayo mzee wake anashika spana, binti hatalala njaa, lango likafunguka mapema kuliko ilivyo kawaida. Mwalimu hakuosha uso siku hiyo mpaka tulipoketi kula. Kila aliyemuuliza alielezwa habari ya thamostati, tangu mwanzo, pamoja na githeri.

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu mnayaona. Jumamosi ile nyingine uwanja wa Mama Wangeci haukutosha. Mwalimu mwenyewe alisimama langoni akiwazuia watu waliokuja na vigoda. "Rudisha hiyo nyumbani," aliwaambia. "Hapa hakuna kukaa." Taratibu nikanunua spana zangu, jeki yangu, na mwishowe kiwanja changu Ruring'u, nikachimba shimo langu na kulijengea kwa mawe.

Siku niliyorudisha vitu vya watu niliamka mapema, nikavaa shati jeupe. Nilitaka watu wanione.

Nilianzia Doldol. Parsaloi aliipokea jeki yake ikiwa imepakwa rangi mpya na sili zake za mpira zimebadilishwa, akaijaribu hapo hapo chini ya pikapu. "Umeharibu," alisema. "Sasa kila mtu hapa ataiazima." Akanichinjia mbuzi.

Kwa Mama Wangeci nilipeleka ufunguo wa lango na kona yake ikiwa imefagiwa, shimo limefunikwa kwa mbao nzito mtu asitumbukie. Alikanyaga zile mbao kwa kisigino, akagonga gonga. "Mbao yangu hii," alisema.

"Niliinunua kwako, Mama."

"Najua. Nilikupunja." Tukacheka mpaka machozi, na sikumdai.

Mzee Athumani nilimwacha mwisho kwa sababu deni lake ndilo lililoniuma. Ile spana iliyopinda ilikuwa imekatika, na duka lolote duniani haliuzi spana iliyopinda. Nilikuwa nimekwenda kwa mhunzi wa Majengo nikiwa na spana mpya ya kumi na tatu. Mwalimu alikuja nami, akavuta mivukuto mpaka jasho likamtoka. Tuliipasha mpaka ikawa nyekundu, nikaipinda kidogo, tukaipoza, tukaenda kuijaribu kwenye boliti la gari lake. Haikufika. Tukarudi motoni. Tena, na tena, mpaka ikaingia nyuma ya injini kama mkono mfukoni. Kisha niliifanyia jambo ambalo la zamani halikuwa nalo: niliiacha pale pa kupinda ikapoa polepole kwenye majivu, isiwe kavu ya kukatika.

Tulimkuta mzee kibarazani, kofia kichwani, kahawa mkononi. Nikaweka sanduku miguuni pake. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo alizisoma spana kwa vidole, moja baada ya nyingine, akizirudisha mahali pake. Alipofika kwenye ile iliyopinda alisimama.

"Hii si yangu."

"Yako ilikatika, mzee. Hii nimeipinda mwenyewe."

Mwalimu akaanza kueleza kwamba kosa lilikuwa lake. Mzee aliinua kidole kumkatiza. Aliinuka, akatushika mabega mpaka kwenye gari la Mwalimu lililokuwa barabarani. Akaomba boneti ifunguliwe. Aliingiza mkono nyuma ya injini bila kutazama, kwa sababu hakuhitaji kutazama, akalitafuta boliti, akavalisha spana. Aliivuta kidogo. Akaivuta kwa nguvu. Sikio lake lilikuwa limeelekea kwenye chuma kana kwamba kinamnong'oneza.

Akatoa mkono. Akarudi kibarazani, akafunga sanduku kwa komeo, akalisukuma pembeni kwa mguu. Lakini spana ile iliyopinda hakuirudisha sandukuni. Aliifuta kwa kanzu, kanzu nyeupe ya Ijumaa, akaitia mfukoni.

"Mwanangu," alisema, "kaa unywe kahawa. Hunidai, sikudai."